Harusi Isiyokuwamo Kitabuni

12 Januari

Bibi, shikamoo.

Barua yangu ya mwisho umenirudishia imejaa wino mwekundu. Mume gani duniani anasahihishwa barua na mkewe? Na pembeni umeniandikia kwamba simu huitaki, kwa sababu ukishaikata hakuna kinachobaki cha kusoma. Haya, umeshinda. Tutaandikiana mpaka vidole viote sugu.

Kazi nimeanza. Kituo chetu cha elimu ya watu wazima kiko ghorofa ya juu, na chini kuna duka la mabati, kwa hiyo nafundisha Kiingereza huku watu wanapakua mabati. Darasa langu si la wanaoanza kabisa. Wanaweza kujieleza kidogo, ila wakiulizwa swali wanainamia viatu. Yupo fundi cherehani, mama wa makamo ambaye mdomo wake unakwenda kasi kuliko mashine yake. Yupo muuza vipuri vya magari, mtu mzima mwenye wajukuu, wenzake wanamwita Kamusi maana hatembei bila kamusi kwapani. Yupo dada wa mapokezi hotelini, nadhifu na mkali kama pilipili. Wengine nitakutajia siku nyingine.

Halafu yupo dereva wa lori. Huyu ni mpole, haongei mpaka aulizwe. Binti yake amelazwa kwa homa ya mapafu, na kazini wamemwondoa safari za mbali ili awe karibu na wodi. Asubuhi anatoka hospitali anakuja darasani, akimaliza anarudi hospitali. Nilimwambia apumzike mpaka mtoto apone. Akanijibu, "Mwalimu, hapa ndipo ninapopumzika." Darasa zima linamjua huyo mtoto kwa hali yake ya jana na ya leo, na zamu za kumpelekea uji wamejipangia wenyewe.

Sasa mkasa wenyewe. Kitabu cha mazoezi nilichokikuta kina bwana mmoja na mkewe. Bwana anakwenda sokoni, ananunua nyanya. Mkewe anakwenda sokoni, naye ananunua nyanya. Siku ya nne Kamusi akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Hawa watu wananunua nyanya tangu muhula uliopita. Hawana maisha mengine?" Watu walicheka mpaka wenye duka la mabati wakatazama juu. Walipotulia, fundi akasema wanataka kitabu cha kweli, chenye watu wenye shida zao.

Nikaifikiria riwaya yako ya Kiingereza, ile ya fundi saa uliyokuwa ukifundishia. Mkuu wa kituo alinitazama kama nimemwomba figo. "Riwaya ya zamani, nene vile, kwa watu wanaochanganya jana na kesho?" Mwishowe amekubali kwa sharti moja. Mwisho wa muhula atakuja mkaguzi, naye atawauliza wanafunzi habari za kitabu, ana kwa ana, kwa Kiingereza. Wakishindwa, darasa linafutwa na wao wanarudi kwenye nyanya. Mkataba wangu nao unakwisha hapo hapo, lakini mimi nitapata kibarua kwingine. Hawa wakirudishwa kwenye nyanya hawatapanda tena zile ngazi, nimewaona machoni.

Na nakala ninayo moja tu, hii uliyonipa. Nifanyeje, mke wangu?

Mumeo,
mwalimu asiye na vitabu


20 Januari

Mume wangu, marahaba.

Umeandika vizuri safari hii, nimekukwaruza mara chache tu. Shangazi yako amenificha sukari tena, kwa hiyo nimeamka na hasira, na hasira zangu huwa zinanipa akili.

Kikate.

Usishtuke. Chukua wembe, kikate sura kwa sura, kila kipande ukishone na jalada lake la karatasi ngumu. Mpe kila mwanafunzi sura yake moja. Akaisome kwake, alale nayo, agombane nayo. Kisha kwa zamu, kuanzia ya kwanza, kila mtu anawasimulia wenzake sura yake kwa Kiingereza. Hakuna mwingine aliyeisoma, kwa hiyo hana budi kueleweka, na wao hawana budi kusikiliza. Mimi nilifundisha hivyo miaka yote niliyokuwa na kitabu kimoja na watoto wa kujaza ukumbi.

Na wakati wa kusimulia, wewe toka nje. Narudia, toka nje. Ukikaa mle hawatasimulia kitabu, watasimulia uso wako. Ukikunja ndita wanabadilisha maneno, ukitabasamu wanatulia. Kaa kwenye ngazi ukasahihishe madaftari.

Kuhusu kitabu changu usiwe na simanzi. Kilikuwa kabatini kinalisha mende. Fundi saa na ukaidi wake, mwanawe mkubwa aliyegombana naye akaondoka bila kuaga, yule mjane jirani wa kuazima chumvi kila siku, na kitinda mimba, binti mdogo aliyekuwa anajaza saa za baba yake funguo kila asubuhi. Nakumbuka kila darasa lililofika sura ya kumi, pale homa inapomchukua yule mtoto. Nilikuwa nikisikia kilio kutoka nje na najua wamefika. Na sura ya kumi na moja, mazishi, kaka mtu anarudi na kusimama langoni asijue aingie au asiingie! Bila kile kifo baba na mwana wasingepatana mpaka leo.

Maji umeshayavulia nguo, yaoge.

Mkeo,
mwenye magoti mabovu na kichwa kizima


16 Februari

Bibi, shikamoo.

Nilikikata. Dada wa mapokezi alifumba macho kama anachomwa sindano. Nikagawa sura kwa kufuata walivyoketi, kuanzia dirishani hadi mlangoni.

Laiti ungewaona. Fundi anasomea kwenye cherehani, ametia ukurasa chini ya mkasi usipeperuke. Dereva anasomea wodini. Kamusi ndiye mwenye sura ya mwisho, ameishika kama hati ya nyumba, na amekataa kumwambia hata mkewe.

Nami nakaa kwenye ngazi kama ulivyoagiza. Mwanzoni nilisikia kimya na viti kulia, nikajuta. Siku ya tatu nikasikia mtu anauliza kwa Kiingereza, "Subiri, kwa nini alimfukuza mwanawe?" na mwingine akamjibu, na wa tatu akabisha. Bibi, hao ni watu waliokuwa wanainamia viatu! Sasa wanabishana mpaka wenye mabati wamepanda kuuliza kama kuna ugomvi.

Jambo moja limenishangaza kidogo. Sura ya kumi ilikuwa ya fundi cherehani. Nilijiandaa kwa vilio, nikasikia makofi. Kesho yake zamu ya dereva, sura ya kumi na moja, nikasikia vigelegele. Nadhani walikuwa wanampongeza yeye, maana hajawahi kuongea kwa muda mrefu vile. Alipotoka nilimpa mkono. Akaniambia binti bado yuko kwenye hewa ya mtungi, lakini jana amemtambua mama yake.

Mkuu alipita, akawasikia, akaondoka bila kusema neno. Kwake yeye hiyo ni sifa.

Mumeo,
mwenye furaha


23 Februari

Mume wangu,

Vigelegele kwenye sura ya kumi na moja? Umekata kitabu gani?

Nijibu upesi.

Mkeo


5 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimeingia mkenge.

Baada ya barua yako niliwaambia kila mmoja aandike aya moja kuhusu sehemu aliyoipenda zaidi. Nikaketi na chai yangu nisome, chai ikapoa. Wameandika kuhusu harusi. Karibu wote. Dada wa mapokezi ameandika kwamba alifurahi sana fundi saa alipomwoa yule mjane jirani, kwani mwanamke hawezi kuazima chumvi kila siku bila sababu. Mwingine amependa jinsi binti mdogo, baada ya kupona homa, alivyotangulia mbele ya maharusi akiwa amebeba maua. Mwingine kasifu lile kasha refu la mbao lililopambwa, lenye nguo za bibi harusi, lililobebwa na wanaume sita.

Kasha refu la mbao, Bibi! Nililaza kichwa mezani.

Nikamwendea Kamusi dukani kwake, nikamuuliza kwa kuzunguka alichosoma kwenye sura ya mwisho. Ananipenda huyu mzee, hakunificha. "Mwalimu, mimi nilisoma kwamba yule mtoto yuko kilimani chini ya jiwe. Nikafungua kamusi, jiwe likabaki jiwe. Lakini wenzangu wote walishasema mtoto mzima na kacheza harusini. Nikajua nimekosea mimi. Kiingereza changu mimi ninakijua kilivyo. Basi nikawaambia amechoka na ngoma, amelala kilimani." Kuhusu jiwe akasema aliliacha, kwa kuwa hakuona kazi yake.

Ndiyo ugonjwa wa mtu anayejifunza lugha. Akikuta neno lisilolingana na alichoambiwa, halitilii shaka aliloambiwa, anajitilia shaka mwenyewe. Mmoja amegeuza, na wengine wote wakapinda sura zao zimfuate.

Na mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi huu. Nimesikia ni mama anayekijua kitabu hiki kwa moyo. Nikiingia nikawaambia ukweli, watajua hawakuelewa kitu, na ule ujasiri wao utayeyuka. Nisipowaambia, watamsimulia mkaguzi harusi.

Niambie la kufanya. Safari hii usitie wino mwekundu.

Mumeo,
mwenye kichwa mezani


11 Machi

Mume wangu, pole.

Nimecheka mpaka shangazi yako akaja kuona kama nimepaliwa. Kasha la bibi harusi! Nisamehe. Sasa nimemaliza kucheka.

Anza na huyo fundi. Mtu haponyeshi mtoto wa kitabuni hivi hivi. Mama wa makamo, akasoma kifo cha mtoto, akashindwa kukitamka. Kwa maoni yangu huyo amewahi kuzika. Nenda kwake peke yako, nenda taratibu, usimwulize kama mwalimu. Kaa, mpe pole, ngoja aseme mwenyewe. Ukimkaripia nitakuja huko na magoti yangu haya haya.

Huyo dereva ni jambo lingine. Mtu kasoma mazishi matupu, kengele, nguo nyeusi, watu wanalia, akaona harusi! Kiingereza chake hakijafika hapo. Mshushe darasa moja chini, kwa upole, kwa faida yake. Mkaguzi akimgusa yule atamla mbichi, na nyote mtazama naye. Huruma ni nzuri lakini haifaulu mtihani.

Mkeo


24 Machi

Bibi, shikamoo.

Nimefanya yote mawili, na sijui nimefanya nini.

Nilianza na dereva kwa kuwa ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimweleza kwamba darasa la chini litamsaidia kuweka msingi, nikazunguka weee. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Wewe ndiye unayejua." Hakuuliza kwa nini. Aliomba kitu kimoja tu, abaki na sura yake. Nikamwachia. Akashuka na ile sura ndani ya shati, na sasa asubuhi namsikia huko chini, kwenye chumba cha nyuma ya duka, pamoja na wenzake wakinunua nyanya.

Kisha nikaenda kwa fundi. Nilibeba uso wa msibani. Nikaketi kati ya vitambaa, nikamwambia, "Mama, pole sana. Najua ni vigumu kwa mzazi aliyepitia hayo." Akaacha kukanyaga mashine. "Kupitia yapi?" Nikamwambia, kufiwa na mtoto. Bibi, alinitazama, akatazama mlango, akaita watoto wake. Wakatoka mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, wamenenepa, mmoja bado anatafuna. "Yupi kati ya hawa amekufa, mwalimu? Nionyeshe nipunguze matumizi!" Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Mke wangu, leo umeniaibisha.

Alipofuta machozi akaniambia ukweli, na sauti yake ilikuwa tofauti. Sura ya kumi aliielewa yote, neno kwa neno, na alilia juu ya gauni la mteja mpaka akalifua upya. Asubuhi ya zamu yake akasimama mbele ya darasa. Kiti cha kwanza mbele yake alikaa dereva, ametoka wodini, hajalala, na binti yake ana homa ile ile ya yule mtoto wa kitabuni. "Nikafungua mdomo niseme amekufa," akasema. "Nikamwona yule baba ananisikiliza kama vile mimi ndiye daktari. Nikasema amepona. Wewe ungesema nini?"

Mimi ndiye niliyezigawa hizo sura, nikafuata viti, wala halikunijia kichwani. Nikamuuliza, lakini sura ya mazishi si ilikuwa ya dereva mwenyewe? Akasema alipoligundua hilo alikuwa ameshamaliza kusimulia, akabaki kuomba tu asiielewe. "Naona dua yangu ilipokelewa."

Nilitaka niwaambie wengine kimya kimya sasa kwa kuwa dereva yuko chini. Fundi akanishika mkono. "Usithubutu. Utamwambia Kamusi leo, kesho utamkuta wodini na machungwa anampa dereva pole ya mtoto wa fundi saa." Ni kweli, yule mzee hana kifuniko mdomoni. Nikamwahidi kwamba hakuna atakayesikia neno kutoka kwangu maadamu mtoto hajatoka hospitali.

Sasa mkaguzi yuko mlangoni na darasa langu linakwenda kumsimulia harusi. Fundi anasema bora wafeli. Nami, Mungu anisamehe, nimekubaliana naye.

Mumeo


29 Machi

Mume wangu,

Nakujibu leo leo, sikungoja. Nimesoma barua yako mara ya pili, nikamwomba shangazi yako anisomee mara ya tatu.

Nilikosea kuhusu fundi, sawa, nimekuaibisha. Lakini kuna lingine. Nimefundisha watoto wasioelewa maisha yangu yote. Asiyeelewa husimulia vipande vipande, anarukaruka, anameza katikati. Huyu dereva wako alisimulia harusi nzima, ina bwana, ina bibi, ina kasha, na mtoto akampa maua abebe. Kila kilichomo kwenye mazishi alikipatia kazi nyingine. Mtu hawezi kukificha kitu kizima namna ile bila kukiona chote.

Nilikuambia umshushe. Nilisema bila kufikiri, kwa kiburi cha ualimu. Mrudishe leo.

Mkeo


6 Aprili

Bibi, shikamoo sana.

Barua yako ilinikuta mkaguzi amekwisha kuja na kuondoka. Kaa chini, weka miguu juu, nikuambie yote.

Binti wa dereva alitoka hospitali siku mbili kabla ya ukaguzi. Habari zilipanda ngazi kabla ya mtu mwenyewe, darasa likawa halifundishiki. Nilitaka kuwaambia ukweli wa kitabu siku iliyobaki, lakini mkuu akaifuta ili watu wafagie na kupanga viti. Kwa hiyo tuliingia siku ya ukaguzi vile vile, na harusi yetu.

Mkaguzi ni mama mfupi, miwani kwenye kamba, mkarimu lakini hacheki. Alitaka wote walioanza muhula wawepo, basi mkuu akamwita na dereva kutoka chini. Akaja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Sikuweza kumtazama.

Ilianza vizuri. Dada wa mapokezi alimweleza ugomvi wa baba na mwana mpaka mkaguzi akasahau kuandika. Kisha akamgeukia Kamusi. Kwa nini yule kaka mkubwa alirudi nyumbani? Kamusi akajibu kwa Kiingereza safi, kifua mbele, "Alirudi kwa ajili ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya baba yake na mjane, mama."

Mkaguzi akavua miwani. Akasema amekisoma kitabu hiki tangu akiwa msichana na haijui harusi yoyote. Mkuu akanitazama. Kamusi akaanza kufungua kamusi, maskini, kama vile kosa limo humo. Na fundi nikamwona anafungua mdomo, anaufunga.

Ndipo kiti cha nyuma kikalia. Dereva amesimama. Akatoa ile sura ndani ya shati, lakini hakuifungua. Akaanza kusema kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, taratibu, bila kusita. "Huyu mzee hajakosea. Mimi ndiye niliyesema harusi. Kitabuni ni mazishi. Yule mtoto alikufa." Akawasimulia. Kengele, mvua ndogo, wanaume sita na sanduku, baba aliyesahau kofia, kaka langoni. Nguo nyeusi ziliitwa nguo nyeusi. Sijawahi kuisikia sura ile ikisimuliwa hivyo, Bibi, hata na wewe.

Mkaguzi akamuuliza, kama aliielewa hivi tangu mwanzo, kwa nini aligeuza?

Akamwonyesha fundi kwa mkono wazi, si kwa kidole. "Binti yangu alikuwa mgonjwa. Huyu mama alimwacha mtoto wa kitabuni akiwa hai kwa ajili yangu. Nilipofika kwenye sura yangu nikaliona alilofanya. Mimi ningewezaje kumzika?"



Darasa likalipuka, Bibi. Fundi akasimama analia na kufoka kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwamba kosa ni lake, alianza yeye, wasimguse dereva. Dereva akakataa. Wakagombania lawama kama watu wanaogombania kulipa chai. Dada wa mapokezi akapiga meza. "Mlinifanya nifurahi bure! Mimi nimelala wiki nzima nikiwaza gauni la yule mjane!" Kamusi akainuka na ukurasa wake wa mwisho juu, uso umewaka. "Jiwe! Nilisoma jiwe! Mimi nilikuwa sahihi!" Akaketi, na hapo ndipo akaelewa maana ya lile jiwe, akafunika uso na mikono yake. Aliyekuwa pembeni yake akamkumbatia. Mwingine akauliza kwa sauti kama basi baba na mwana wasingepatana bila kifo, wa tatu akasema hapana, chuki yao ilikuwa imechoka zamani, wakaanza kubishana upya. Yote kwa Kiingereza, wala hakuna aliyetambua. Mkaguzi alijaribu mara mbili kuuliza swali lake linalofuata. Hakuna aliyemsikia. Mwishowe akavuta kiti, akaketi kati yao, akaingia kwenye ubishi.

Darasa limebaki. Mkuu kaniambia kwa kunguruma tu, kwamba muhula ujao nitafute kitabu kingine na wembe wangu mwenyewe, wake nimeufanya butu. Kitabu cha nyanya kimebaki chini, na huko nako wameanza kukilalamikia.

Dereva nimemwomba radhi mbele ya wote. Nilimwambia nilimshusha kwa kutomjua. Akanijibu, "Mwalimu, kama ningejitetea ningemtaja fundi." Basi. Ameketi tena kwenye kiti chake cha mbele.

Na jana alimleta binti. Amekonda, macho makubwa, amevaa sweta lenye mikono mirefu kuliko mikono yake, fundi akalishika papo hapo kutaka kulipunguza. Watu wakampa kiti kizuri, wakamzunguka. Mtoto akauliza kwa nini baba yake alikuwa anasoma karatasi zile zile kila siku pale kitandani, na hadithi yenyewe inahusu nini.

Tukamtazama fundi. Fundi akamtazama dereva.

Dereva akasema, "Mwambie ilivyo. Yeye yupo."

Fundi akaketi sakafuni karibu na miguu ya mtoto, akamsimulia tangu mwanzo. Alipofika kwenye sura ya kumi hakuikwepa, alisema amekufa. Yule mtoto alisikiliza bila kupepesa. Kaka mtu alipofika langoni, akamkatiza.

"Aliingia?"

"Aliingia."

"Akakaa?"

"Akakaa, mwanangu. Hakuondoka tena."

Mtoto akafikiri. "Basi vizuri," akasema, akashuka kwenye kiti, akaenda dirishani kuwatazama wanaopakua mabati.

Mumeo anayekupenda,
mwalimu